Sanduku Lenye Kufuli Tatu: Akiba, Deni na Uhuru wa Mwanamke katika Uchumi wa Tabora

*Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo ya Afisa Maendeleo ya Jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa. Inachapishwa kwa maombi ya wanavikundi wa kata za pembezoni ambao hawakuweza kufika.*

 

Nimeombwa kuzungumza juu ya namna jamii inavyoweza kumsaidia mwanamke mwenye kipato kidogo ajitegemee. Ningeweza kuwasomea orodha ya huduma za halmashauri, kisha tukaagana. Lakini orodha hiyo imebandikwa katika ofisi zetu, na wengi wenu mnaifahamu. Jambo ambalo halikubandikwa popote ni kwamba mwanamke anaweza kupata mkopo, akaurejesha wote, na bado akabaki asiyejitegemea. Anaweza kuwa mwanakikundi mwaminifu kwa miaka mitano, na bado asiwe na kauli juu ya gunia moja la mpunga lililoko ndani ya nyumba yake. Basi leo nataka tuzungumzie mambo mawili kwa pamoja: fedha zinavyomfikia mwanamke, na nani anazitawala zikishamfikia.

Tuko juu ya njia ya deni

Mji wetu wa Tabora, uliojulikana kwa wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Kazeh, ulikuwa kituo kikuu katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Watu huikumbuka njia hiyo kwa pembe za ndovu na kwa uchungu wa biashara ya watumwa, na ni haki kuikumbuka hivyo. Lakini ilikuwa pia njia ya mikopo. Mfanyabiashara aliyetaka kwenda bara hakuwa na fedha zote mkononi. Alikopeshwa nguo, shanga na nyaya za shaba na wenye mitaji wa Unguja, watu kama Taria Topan, akalipa baada ya safari kwa pembe alizorudi nazo. Aliyeaminiwa kwa mkopo mkubwa alikuwa mtu mkubwa. Asiyeaminiwa alibeba mzigo.

Katika hesabu hizo za mikopo jina la mwanamke ni nadra kuonekana, ingawa kazi yake ilionekana kila mahali. Wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa safarini kwa miezi mingi, mashamba yalibaki mikononi mwa wake zao na mama zao. Wanawake wengine walisafiri pamoja na misafara, wakipika na kubeba. Na msafara uliofika Kazeh ukiwa na mamia ya watu wenye njaa ulilishwa kwa nafaka iliyolimwa na kutwangwa, kwa sehemu kubwa, na wanawake. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, biashara ya mabegani ilikwisha. Lakini desturi moja ilibaki: mwanamke anafanya kazi, na jina linaloandikwa kwenye daftari la mkopo na la malipo ni la mwingine.

Mnaolima tumbaku mnalijua jambo hili vizuri kuliko mimi. Kitalu kinamwagiliwa na familia nzima. Majani yanavunwa, yanafungwa na kukaushwa na familia nzima. Lakini mara nyingi mwanachama wa chama cha msingi ni baba peke yake, na malipo yanaingia katika akaunti yenye jina lake. Sisemi kwamba kila baba anazitumia vibaya fedha hizo. Wapo wengi wanaokaa na wake zao wakapanga matumizi ya mwaka. Nasema kwamba anayetegemea hisani ya mwenzake, hata kama hisani hiyo ni kubwa, bado hajajitegemea.

Deni linalokausha damu

Mwanamke asiyekuwa na fedha zake mwenyewe, mtoto akiugua au ada ikidaiwa, hukimbilia mahali ambapo fedha zinapatikana siku hiyohiyo. Ndipo alipozaliwa mkopeshaji ambaye wananchi wenyewe wamempa jina la “kausha damu”. Jina hilo halikutungwa na Serikali. Lilitungwa na waliokopa.

Tulitazame kwa hesabu. Huu ni mfano tu wa kufundishia. Mama anachukua shilingi 100,000 asubuhi. Anaambiwa arejeshe shilingi 5,000 kila siku kwa siku 30. Kiasi hicho cha 5,000 kinaonekana kidogo, kwa kuwa ni faida ya siku moja ya biashara ikienda vizuri. Lakini zidisheni: 5,000 mara 30 ni 150,000. Amelipa shilingi 50,000 juu ya kila 100,000 kwa mwezi mmoja. Benki Kuu imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wenye leseni ya daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 3,500 kwa kila 100,000. Tofauti ya 3,500 na 50,000 ndiyo damu yenyewe inayokauka.

Na deni hilo huanza kulipwa kesho yake, kabla bidhaa haijauzwa. Mama anarejesha sehemu ya kwanza kutoka katika mtaji uleule aliokopeshwa. Kufikia wiki ya pili mtaji umepungua, faida imepungua, na rejesho halijapungua. Ndipo anakopa pengine ili kulipa hapa. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga ya deni la namna hii ni masufuria na godoro kutolewa nje mbele ya watoto.

Kwa hiyo nawaomba: mtu akija kijijini na fedha za haraka, ulizeni maswali matatu kabla ya kupokea. Ana leseni ya kukopesha? Yupo tayari kutoa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili na kukuachia nakala? Na kwa kila shilingi 100,000, jumla utakayorejesha ni shilingi ngapi? Mwenye nia njema hujibu yote matatu bila kukasirika. Akikataa hata moja, mtendaji wa kijiji na ofisi yetu tuelezwe mapema, kabla godoro halijatolewa nje.

Sanduku na nidhamu yake

Dawa ya kwanza ya kausha damu ni sanduku la kikundi, na halihitaji fedha za mtu kutoka nje.

Vikundi hivi vya hisa havikuanzia mjini. Mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa vijijini kuboresha upatu waliokuwa nao tangu zamani, kwa kuongeza kumbukumbu, mikopo na mgawanyo wa mwisho wa mzunguko. Utaratibu huo ulisambaa Afrika nzima, ukafika Zanzibar na Tanzania Bara, na leo tunaufahamu kwa majina ya VICOBA, vikundi vya hisa, au kwa kifupi “kikoba”. Ulikubalika haraka kwetu kwa sababu haukuwa mgeni kabisa. Kuchangiana katika kilimo, msiba na harusi ni desturi yetu.

Mnaufahamu utaratibu, lakini nautaja kwa ajili ya walio wapya. Wanachama 15 hadi 30 wanaojuana wanakutana siku moja ya wiki. Kila mmoja ananunua hisa kwa bei waliyokubaliana. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote na kuandikwa katika daftari la kikundi na kitabu cha kila mwanachama. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata mwenyekiti. Maana ya kufuli hizo si kwamba tunashukiana. Maana yake ni kwamba mtu mwema amewekwa mahali ambapo hawezi kujaribiwa, na hivyo heshima yake inalindwa.

Chukueni tena mfano. Wanachama 20 wananunua hisa ya shilingi 2,000 kila mmoja kwa wiki. Hizo ni 40,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 2,080,000. Wakiongeza 500 kila mmoja katika mfuko wa jamii, wanapata 10,000 kwa wiki, na kwa mwaka shilingi 520,000 za ugonjwa na msiba. Mama akikopa 100,000 kwa nyongeza ya asilimia 5 kwa mwezi, na akairejesha baada ya miezi mitatu, atatoa 15,000 zaidi. Lakini 15,000 hizo hazikuondoka kijijini. Zimeingia sandukuni, na siku ya mgawanyo sehemu yake inamrudia yeye mwenyewe.

Nina mashauri mawili juu ya kalenda. La kwanza, pangeni mgawanyo uangukie wakati fedha zina kazi. Vikundi vingi hugawana Desemba, fedha zikaishia kwenye sikukuu. Kikundi cha wakulima wa ukanda wetu, ambako mvua huanza karibu na Novemba, kingeweza kugawana Oktoba, ili fedha zikanunue mbegu na kulipa vibarua. Kikundi cha wenye watoto wa sekondari kingeweza kugawana wiki ya kwanza ya Januari. La pili, marejesho yafuate pochi ya mkopaji. Muuza maandazi ana fedha kila siku. Mlima karanga ana fedha mara moja kwa mwaka. Kuwapangia wote rejesho la kila wiki ni kumlazimisha mkulima akakope kausha damu ili alipe kikundi.

Na msisahau daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kikundi ambacho mwandishi ni mmoja tu anayejua kusoma, fundisheni wa pili na wa tatu. Maarifa ya daftari nayo yawe na kufuli tatu.

Mwenzetu akishindwa kulipa

Sasa nafika katika jambo ambalo vikundi vingi hunong’ona na vichache husema hadharani. Mwanachama amekopa, muda umepita, hajalipa. Tufanye nini?

Utaratibu wetu wa dhamana ni watu. Wenzake watatu au watano wamemdhamini, na akishindwa, wao ndio wanaobanwa. Hapo ndipo upendo wa kikundi unapopimwa. Katika baadhi ya vikundi, jibu limekuwa kwenda kwa mwenzao wakiwa kundi zima, kumwimbia mlangoni, na kubeba kuku, baiskeli au masufuria. Nawauliza kwa unyenyekevu: kama ndivyo, tofauti yetu na kausha damu ni ipi? Yeye walau ni mgeni. Sisi ndio tutakaochota maji kisima kimoja na mama huyo kwa maisha yetu yote.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Fedha zile si za mwenyekiti. Ni akiba ya mjane aliyejinyima chumvi ili anunue hisa. Tukimsamehe mdaiwa kwa kicheko, tumemwibia mjane. Huruma ya kikundi haiwezi kutolewa kwa fedha za mtu ambaye hakuulizwa.

Njia ninayoipendekeza ni kutofautisha, tena kwa maandishi, kabla tatizo halijatokea. Katiba ya kikundi iseme waziwazi lipi ni balaa na lipi ni ukaidi. Ugonjwa, msiba, moto, mvua kukosekana, ndoa kuvunjika: hayo ni balaa. Aliyepatwa na balaa aongezewe muda bila faini, na mfuko wa jamii umsaidie walau rejesho la mwezi mmoja au miwili. Kutofika kikaoni mara tatu bila taarifa ilhali biashara inaendelea, huo ni ukaidi. Hisa zake zikatwe kufidia deni, kisha aitwe mbele ya mtendaji wa kijiji. Na kanuni iliyo bora kuliko zote ni ya mwanzoni: mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mkopaji, na mkopo wa kwanza uwe mdogo kuliko hapo. Mtu aliyekopeshwa kupita uwezo wake hakusaidiwa. Amepewa kamba ndefu ya kujifungia.

Wapagazi wa misafara waligawanyika katika kambi ndogo ndogo za watu waliopika na kula pamoja, na kambi hizo ndizo zilizoufanya mzigo wa kila mmoja ubebeke kwa miezi ya safari. Kikundi cha hisa ni kambi ya namna hiyo. Hatuchukuliani mzigo wote. Tunahakikisha kwamba hakuna aliyepewa mzigo usiobebeka, na anayeanguka njiani hatumvui nguo.

Asiyeweza kununua hisa

Lipo kundi jingine ambalo halimo humu ukumbini, na kutokuwapo kwake ndiyo habari yenyewe. Ni mwanamke ambaye hana 2,000 ya hisa kwa wiki. Vikundi humwogopa kwa sababu inayoeleweka: ataturudisha nyuma. Basi wenye uwezo kidogo wanaungana na wenye uwezo kidogo, na maskini zaidi anabaki nje akitazama.

Vipo vitu vitatu vinavyoweza kufanyika. Kwanza, shusheni bei ya hisa na mruhusu wingi wa hisa. Kikundi chenye hisa ya shilingi 500, ambamo mtu anaweza kununua moja hadi tano kwa wiki, kinamweka mwenye 500 na mwenye 2,500 katika benchi moja, na kila mmoja anavuna alichopanda. Pili, kaya zilizo katika Mpango wa Kunusuru Kaya za Walengwa unaosimamiwa na TASAF huhamasishwa kuunda vikundi vyao vya kuweka akiba. Vikundi hivyo visitazamwe kama vya watu wa chini. Wenye uzoefu wa daftari waende wakawafundishe. Tatu, mkumbukeni mwenye ulemavu na anayemlea. Siku na mahali pa kikao vikiwa vigumu kwake kufika, tumemfukuza bila kumtamkia neno.

Fedha za halmashauri

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, katika kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo ya ndani ni ushuru wa mazao unaoulipa, ni ada ya meza yako sokoni, ni leseni ya duka la jirani yako. Kwa maneno mengine, anayekukopesha ni muuza nyanya mwenzako.

Mnakumbuka kwamba mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hii nchi nzima ili kuupanga upya utaratibu, baada ya kuonekana kwamba fedha nyingi hazikuwa zinarejeshwa na baadhi ya vikundi vilikuwa na majina bila watu. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu utoaji kupitia benki, na mojawapo ni Manispaa ya Kigoma/Ujiji, jirani zetu wa mwisho wa njia ileile ya misafara. Katika halmashauri nyingine mikopo inaendelea kupita katika ofisi zetu, kwa maombi ya mfumo wa kielektroniki na uhakiki wa kamati.

Katika kipindi cha kusitishwa, vikundi vya uongo havikuumia, kwani vilikuwa vimekwisha kula. Walioumia ni vikundi vya kweli vilivyokuwa katika foleni. Hilo ndilo jambo ninalotaka liwakae moyoni: kikundi kisichorejesha hakiidhulumu Serikali, kinamdhulumu mwanamke anayefuata katika foleni. Dawa ya deni ni kulipa.

Nashauri mambo manne kabla ya kuomba.

Mosi, kikundi kiwe kimesajiliwa. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kuweka na kukopa viko katika daraja la nne, na usajili wake unafanyika hapa hapa katika halmashauri. Usajili hukupa uso mbele ya benki na mbele ya sheria.

Pili, mkopo wa halmashauri usiwe shilingi ya kwanza ya kikundi. Kikundi ambacho hakijawahi kukopeshana laki moja zake hakijajifunza kukopeshwa milioni tano za umma. Kamilisheni walau mzunguko mmoja wa sanduku. Wanaoungana wiki moja kabla ya tangazo la mikopo hutawanyika wiki moja baada ya kupokea.

Tatu, andikeni mradi mnaouona kwa macho, na wala si mradi mliosikia unapendwa na kamati. Swali la kwanza la mradi si tutazalisha nini. Ni nani atanunua, kwa bei gani, na mwezi gani.

Nne, hakuna malipo ya kuombewa mkopo. Fomu haina bei, na mtu anayedai “ya soda” ili jina lenu lisogee, awe mtumishi au asiwe mtumishi, taarifa yake ipelekwe kwa Mkurugenzi au TAKUKURU.

Kilichopo mikononi mwetu

Mkoa wetu unajulikana kwa asali ya misitu ya miombo, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapa hapa Tabora. Kwa vizazi vingi kazi hii ilikuwa ya wanaume, kwa kuwa mizinga ya magome na magogo hutundikwa juu ya miti, mbali porini, na kurinwa usiku. Mizinga ya kisasa inayowekwa juu ya vichanja karibu na kijiji imeondoa kikwazo hicho. Mwanamke anaweza kuikagua mchana na kurudi nyumbani. Na msitazame asali pekee: nta nayo ina soko, na kuchuja, kufungasha na kuweka nembo ni kazi ambayo faida yake mara nyingi huenda kwa wengine.

Vivyo hivyo michembe na matobolwa. Viazi vyetu vitamu vilivyokaushwa vimewavusha watu wa Unyamwezi miezi ya njaa tangu kale. Vikikaushwa juu ya vichanja safi na kufungashwa vizuri, ni bidhaa ya kuuzwa stesheni na mijini, ambako wajukuu wetu wanavitamani na hawavipati. Karanga zilizosagwa, alizeti iliyokamuliwa, mchele uliopangwa kwa daraja: yote haya ni kuongeza thamani ya kitu ambacho tayari tunacho. Kwa mtaji mdogo, ni salama zaidi kuboresha unachokijua kuliko kuanza usichokijua.

Nani anatawala kilichopatikana

Nilisema mwanzoni kwamba fedha kumfikia mwanamke ni nusu ya safari. Nusu ya pili iko nyumbani, na huko sheria haikukaa kimya.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ileile aliyo nayo mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza kwa jina lake mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume kwa viwango vilevile, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kuchota maji, kupika na kulea vikawa na uzito katika mizani ya haki.

Haki hizi hazijiandiki zenyewe. Kijiji kinapopimwa na hati za haki miliki za kimila zinapoandaliwa, jina lako liwemo. Mke na mume wanaweza kuandikishwa pamoja katika hati moja, na mjane anaweza kuandikishwa kwa jina lake. Anayekaa kimya siku ya kuandikisha atazungumza sana siku ya mgogoro.

Na kwenu akina baba. Wapo wanaosema mke akipata fedha hudharau. Mimi nimezunguka vijiji hivi kwa kazi, na dharau ninayoiona zaidi ni ya umaskini: mume na mke kurushiana maneno kwa sababu debe limekwisha na hakuna wa kukopesha. Nyumba yenye vipato viwili ina mihimili miwili, na mmoja ukiliwa na mchwa paa halianguki. Lakini naonya pia desturi inayokua: mke akishaanza kupata, baba anaacha kutoa. Ada inakuwa ya mama, sabuni ya mama, daftari la mama. Hapo hatujamwinua mwanamke, tumemwongezea furushi. Vilevile ipo tabia ya mume kumtuma mke akakope kikundini kwa matumizi asiyoyajua mke. Vikundi vilikatae jambo hili kwa kumtaka mkopaji mwenyewe aeleze mradi wake mbele ya kikao, kwa kinywa chake.

Tunachoondoka nacho

Ndugu zangu, sitaki tuondoke na maneno matupu, kwani mkono mtupu haulambwi. Naomba kila kikundi, kabla ya mwezi huu kwisha, kifanye kazi nne. Kisome katiba yake upya na kuandika kifungu cha balaa na ukaidi. Kifundishe mtu wa pili na wa tatu kuandika daftari. Kimwalike mwanamke mmoja aliyeachwa nje, na kumtafutia bei ya hisa anayoiweza. Na kila mwanachama aulize, nyumbani kwake, jina la nani limeandikwa kwenye ardhi anayoilima.

Ofisi yetu, kwa upande wake, inapaswa kufanya yafuatayo, na mtudai: kuwatembelea baada ya kuwakopesha kama tunavyowatembelea kabla, kubandika katika ofisi za kata majina ya vikundi vilivyokopeshwa na kiasi kilichorejeshwa, na kuvijibu kwa maandishi vikundi vilivyokataliwa, vikiambiwa sababu. Kikundi kinachoambiwa kasoro yake hurekebisha na kurudi. Kinachonyamaziwa huenda kwa kausha damu.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikijaa lazima ijulikane ni cha nani. Mwanamke aliyefungua sanduku lenye kufuli tatu mbele ya wenzake, akahesabu fedha kwa sauti, akaandika na kutia sahihi, amekwisha kujua kazi ya kutunza mali ya umma. Huyo hawezi kushindwa kutunza yake. Kazi yetu sote ni kuhakikisha kwamba anayo.